Kominike Iliyomuzika Muzee Kambale

Kwa miaka mingi, vijana wangu, niliamini kwa moyo wangu wote kwamba ordinatere, yaani kompyuta, inaweza kulewa mazuku.

Ninyi wa Goma hamuhitaji maelezo. Kwa wengine niseme tu kwamba mazuku ni ile hewa mbaya inayotoka chini ya mawe ya mulima wa moto na kulala mabondeni. Haina rangi, na pua haiisikii. Mbuzi anainamisha kichwa kula majani, anapiga magoti, hainuki tena, na mutu murefu anayepita karibu yake hajui kitu. Sasa fundi mumoja wa Lac Vert, ambaye mbuzi zake zilimalizika hivyo, aliniambia siku moja, uso wake ukiwa mukavu kama wa hakimu: "Deo, mashine inapumua. Ile ventilateri, feni ya nyuma, ni pua yake. Ukiiweka chini inavuta mazuku, inapata kizunguzungu, inaanza kuchanganya maneno ya watu."

Mimi, niliyekuwa na diploma ya shule ya jioni, tena nimeipata kwa mwanga wa taa ya mafuta uliokuwa mudogo kuliko kipepeo, nilitikisa kichwa kama profesa. Siku hiyo hiyo nilianza kuwaeleza watu wa mutaa wetu wa Ndosho. Nilieleza sokoni, nikaeleza kwa kinyozi, nikaeleza kanisani kabla ya padri kuingia. Baada ya muda mutu nisiyemujua akanisimamisha njiani na kunipa habari hiyo hiyo kama siri kubwa. Nikasema moyoni: basi ni kweli, sasa ina mashahidi wawili.

Musinicheke haraka. Mulima ulikuwa umetoka kutapika. Biro yetu ya kwanza, ofisi ya kuchapa pale katikati ya muji, ilizama ndani ya mawe yanayotoa moshi, na bosi alipotupeleka kuitafuta tulizunguka muda murefu tukiuliza mulango uko wapi, kumbe tulikuwa tumesimama juu ya paa. Mutu aliyeona mutu mwingine akitembea juu ya paa la duka lake kama juu ya barabara, huyo anaweza kuamini chochote. Muji muzima ulikuwa umepigwa na bumbuwazi. Ungemwambia mutu kwamba viazi vimeanza kuongea, angekuuliza vinaongea luga gani.

Mashine tulizookoa tulizisukuma juu ya chukudu, zile baiskeli za mbao, mpaka Ndosho, tukafungua biro mupya. Kazi yetu ilikuwa kuchapa barua za watu, mialiko ya arusi na kominike za redio, yale matangazo yanayosomwa hewani. Kazi yangu mimi ilikuwa kutengeneza mashine na kukopia mafishie, yaani mafaili, kutoka mashine kwenda kwenye disketi. Zilikuwa nzee sana zile mashine. Moja ilikuwa inaamka polepole hivi kwamba ungeiwasha, ukaenda kuoga ziwani, ukarudi na kuikuta bado inajinyoosha.

Hapo ndipo alipoingia Kadogo. Sisteme ni ile programu kubwa inayoamsha mashine na kuamuru zingine zote, na sisteme za maduka zilikuwa nzito mno kwa mashine zetu. Musafiri mumoja alituachia disketi yenye sisteme ndogo, iliyoandikwa na watu wa mbali kwa kujifurahisha tu, wakitoka kazini jioni, kama wengine wanavyopiga gitaa. Haikuuzwa, na haikuwa na bosi. Sisteme nzima, pamoja na mahali pa kuandikia na programu ya kupanga na kukopia mafishie, iliingia katika disketi moja. Tukaiita Kadogo. Virusi vyote vilivyozunguka Goma havikumujua, vilimupita kama mutu asiye na deni nao. Nilimupenda kuliko redio yangu.

Lakini kwenye kukopia, Kadogo alikuwa na vituko. Siku moja nilikopia folda ndani yake yenyewe. Programu yenye akili ingeniuliza kama nina homa. Kadogo alitii. Alitengeneza folda ndani ya folda ndani ya folda, akaendelea hivyo mpaka disketi ikajaa, na kama disketi ingekuwa kubwa ya kutosha nadhani mpaka leo angekuwa anaendelea. Siku nyingine aliandika kwamba amemaliza, nikachomoa disketi, kumbe taa yake ndogo ilikuwa bado inawaka na nusu ya barua ilikuwa haijateremka. Musiamini neno "imekwisha" kwenye kioo. Ngojeni taa izime, muhesabu pumzi chache, ndipo muchomoe.

Na siku moja mwaliko wa arusi ulitoka vizuri kabisa, majina ya bwana na bibi, saa ya misa, na chini yake bei ya mafuta ya mawese kwa bidoni. Bibi arusi aliusoma mbele yangu na kuketi chini. Nikakumbuka maneno ya fundi wa Lac Vert. Mashine ilikuwa imewekwa sakafuni. Nikaipandisha juu ya meza, nikatia disketi mupya, nikakopia tena, na mwaliko ukatoka safi. Je, nilihitaji ushahidi gani mwingine? Tangu siku hiyo mashine zetu zote zilikaa juu ya meza, na wateja walionyeshwa umbali kati ya sakafu na ventilateri kabla ya kulipa.

Angalieni nilichofanya hapo, kwa maana ndicho ninachotaka mukikumbuke hata mukisahau mengine yote. Nilibadilisha vitu viwili kwa wakati mumoja, halafu sifa yote nikakipa kimoja, kile nilichokipenda.

Sasa niingie kwenye jambo lenyewe.

Vita ilirudi upande wa Rutshuru, na watu wakateremka Goma na magodoro kichwani. Simu zilikuwa za wakubwa. Aliyepotezana na mutoto wake au na baba yake alikuja kwetu, tukachapa kominike, nikaikopia kwenye disketi, na disketi ikapanda moto, ile pikipiki ya kukodi, mpaka redio. Pale redio kulikuwa na Esperance. Alikuwa anatengeneza mitambo asubuhi na kusoma kominike hewani, mwanamuke mwenye sauti laini na uvumilivu mufupi. Mashine yake pia ilikuwa na Kadogo, mimi ndiye nilimuwekea.

Esperance alikuwa na sharti moja. "Sitaki kutafuta kitu nikiwa na kaske masikioni," aliniambia. "Kila siku jina ni moja: KOMINIKE. Ninafungua, ninasoma, basi." Kwa hiyo kila siku nilikopia KOMINIKE mupya juu ya KOMINIKE ya jana, kwenye disketi ile ile. Kadogo hakuuliza kitu.

Kulikuwa na sharti lingine pia, la wakubwa wa vita walioshika muji. Musomaji asiongeze hata neno moja lisiloandikwa. Waliogopa kwamba mutu atapitisha ujumbe kwa adui katikati ya salamu. Esperance alisoma kilichoandikwa, jinsi kilivyoandikwa, na kufunga kinywa.

Muzee Kambale alifika bironi kwa miguu kutoka Keshero, ambako alilala kwenye sali ya paruwasi, ukumbi wa kanisa, pamoja na wakimbizi wengine. Alikuwa mukulima wa Kiwanja, mwembamba, koti lake lilikuwa la mutu munene. Alikimbia na binti yake Masika, risasi zikawatenganisha njiani, naye akasikia kwamba Masika amebaki nyuma kwa watu fulani, karibu na njia ya kwenda Uganda.

"Watu wa bwana yake wanavuka," aliniambia. "Yeye hataki kuvuka ju yangu miye. Akijua kama niko, atashuka huku. Akikata tamaa, atavuka, na miye sina miguu ya kumufuata Uganda."

Nikamuchapia. Muzee Kambale, mukulima wa Kiwanja karibu na Rutshuru, aliyepotezana na watu wake wakati wa kukimbia vita, anamutafuta binti yake Masika. Yuko Keshero, kwenye sali ya paruwasi. Fupi, safi, ya heshima. Nikakopia, nikangoja taa izime. Disketi ikaenda.

Kesho yake asubuhi nilikuwa na bilauri ya chai mukononi. Sauti ya Esperance ikasoma yale yote, mpaka "sali ya paruwasi", halafu, bila kukwama, kwa upole ule ule, ikaendelea: "Hakupata nafuu, akatuacha. Mazishi ni leo saa nane. Familia inawaomba walio mbali wasijisumbue kufika, kwa kuwa njia si salama, bali wamulilie huko huko waliko."

Chai ilinimwagikia mapajani na sikuisikia. Ilikuwa ya moto kiasi cha kupika mayai, na sikuisikia.

Kabla ya saa sita Muzee alikuwa mulangoni.

"Ni wewe ulinizika?"

"Muzee, hapana. Mimi niliandika kwamba uko Keshero."

"Njo vile, niko Keshero, na nimekufa. Tulikuwa tunakula. Mama aliyekaa karibu yangu alisikia radio, akaniangalia, akavuta sahani yake pembeni. Mwingine ameuliza kama kitanda changu kimebaki bila mutu."

Nilitaka kucheka na sikuweza, kwa sababu alikuwa ameshika fremu ya mulango kwa mikono miwili. "Masika anasikiliza ile radio," alisema. "Wamemuambia asije. Wamemuambia alie huko huko."

Nilikimbilia mashine na kufungua fishie yangu. Ilikuwa safi, herufi kwa herufi, bila mazishi. Nikamuonyesha. "Kwangu ni sawa, Muzee." Maneno haya, vijana, yakiwatoka kinywani, mujue kwamba bado hamujaanza kazi. Nilikuwa nimefungua orijino. Kopi ilikuwa redio, ndani ya disketi, na hakuna aliyeifungua.

Nikamutumia Esperance maneno kupitia mwendesha moto. Naye akajibu kwa njia hiyo hiyo: nimesoma ulichoniletea, jicho langu linatangulia mudomo, neno likivunjika ninaliunga, ndiyo kazi yangu. Leta la kusahihisha, nitalisoma jioni.

Nilijua la kufanya. Mazuku imepanda mpaka mezani. Nikaweka mashine juu ya matofali ya mawe ya mulima, matofali juu ya meza, nikasimama juu ya kiti ili nichape. Na kwa kuwa mashine ilikuwa na kizunguzungu, nilifikiri, tusiichoshe kwa maneno mengi. Nikaandika: Radio inasahihisha. Muzee Kambale hajafa. Masika, njoo. Hakuna kominike fupi kama hiyo iliyowahi kutoka Ndosho. Nikaikopia kwenye disketi iliyorudi na moto.

Jioni Muzee alikaa nami bironi. Redio ilikuwa katikati yetu, juu ya kiti, kama mugeni wa tatu.

"Radio inasahihisha," alisema Esperance. "Muzee Kambale hajafa. Masika, njoo." Muzee alivuta pumzi. "Aliyepotezana na watu wake wakati wa kukimbia vita, anamutafuta binti yake Masika. Yuko Keshero, kwenye sali ya paruwasi. Hakupata nafuu, akatuacha."

Hapo akanyamaza. Nadhani hata yeye alishtuka, kwa sababu redio ilikaa kimya, kimya kabisa, tukasikia mbwa wa jirani akijikuna. Neno la kuongeza hakuwa na ruhusa nalo. Mukono wake, kwa mazoea, ukabonyeza wimbo unaofuata matangazo ya vifo, ile kwaya ya akina mama wanaoimba polepole kama wanabeba jeneza.

Muzee aliisikiliza kwaya mpaka mwisho. Kisha akasema, "Sasa wameniimbia."

Sijawahi kushtuka namna ile, hata siku ya mulima. Mulima ni mulima. Lakini hapa nilikuwa nimeandika kwamba mutu hajafa, na yeye akafa zaidi. Nilimutazama Kadogo kwenye kioo, akipepesa kile kimustari chake kwa amani.

Asubuhi nilihamishia mashine juu ya kabati. Kabati la bosi, la mbao za libuyu, refu kuliko mulango. Muzee alishika miguu ya kiti, mimi nikapanda, kibodi nikaifunga kwenye kamba ili isianguke. Wateja walisimama njiani wakitazama, na mumoja akauliza kama tunatafuta mawimbi ya satelaiti.

"Muzee," nilisema kutoka juu, "niambie tuandike nini. Fupi."

"Hapana fupi."

"Redio ni ya watu wote, Muzee."

"Umefupisha maisha yangu mara mbili. Leo ninarefusha."

Akasimama katikati ya biro, mikono nyuma, akaanza kuongea, nami nikachapa. Hakuna aliyewahi kuchapa hivyo. Vidole vyangu vilishika moto. "Masika, ni miye baba yako. Usiamini ile ingine. Nilijificha kwa shamba la mutama, nikakula mutama mubichi, tumbo ikaniuma, lakini sikufa. Nimevaa koti ya mutu munene, nilipewa hapa Goma. Masika, siku ile nilikupiga ju ya chungu ya mama Kahindo. Ulisema ni mbuzi aliivunja. Ni kweli ilikuwa mbuzi. Nilimuona kesho yake akirudia kwa chungu ingine, na nikanyamaza, ju mukubwa anaona haya. Mufu hawezi kukuambia hii. Usivuke." Alitaja jina la ng'ombe wake, mito aliyoivuka, watu aliokutana nao, nani alimupa chumvi, nani alimunyima. Alimusalimu kila mutu wa Kiwanja isipokuwa mumoja, na huyo alimutaja pia, ili ajue kwamba hakusalimiwa.

Ilikuwa ndefu kuliko kominike zote za juma hilo zikiwekwa pamoja. Nikaikopia, taa ikazima, nikashuka, disketi ikaenda.

Safari hii Esperance aliifungua na kuisoma mara moja peke yake kabla ya kwenda hewani. Kisha akaisoma yote kwa muji. Wakubwa wa vita hawakupata neno la kulalamikia, au walichoka katikati. Mwisho wake ulikuwa "Usisahau kufunga kuku", na baada ya hapo hakukuwa na mazishi wala nafuu, na kwaya haikupigwa. Mimi nilipiga meza kwa furaha mpaka stapla ikaruka.

Lakini je, Masika alisikia? Muzee alikuja kila asubuhi kukaa kwenye benchi letu, kwa kuwa pale sali walikuwa wamezoea kumutazama kama marehemu. Kila kamio, yaani lori, iliyoshuka kutoka Rutshuru, alisimama, akaitazama mpaka ikapita, akakaa.

Masika alifika mchana mumoja, juu ya kamio ya makabichi. Mwanamuke mufupi, kichwa kimenyolewa, kitambaa cheusi cha matanga shingoni. Aliuliza biro ya kominike ni ipi, akaingia, akamuona. Hakumukimbilia. Alimukaribia kama mutu anayekaribia moto, akanyoosha vidole, akashika sikio lake, akalivuta kidogo.

"Ilikuwa mbuzi?" aliuliza.

"Ilikuwa mbuzi."

"Nilikuambia."

"Uliniambia."

Kisha akaketi juu ya miguu ya baba yake, pale chini sakafuni, akaanza kulia vibaya, na Muzee akawa anamupigapiga mugongoni akisema, "Umekata nywele bure, mama. Umekata nywele bure." Masika alikuwa ameshafunga muzigo wa kuvuka. Siku ya kwanza alinyoa. Jioni yake alikataa kusikiliza, wengine wakamuambia radio imesema baba yake yuko na hayuko. Ile ndefu ilimukuta njiani, kwa redio ya mutu mwingine, na redio ilipofika kwenye chungu cha mama Kahindo alitua muzigo chini.

Bosi alileta soda. Watu wakajaa mulangoni. Mimi nikasimama chini ya kabati na kuwaeleza wote, mukono juu, jinsi mazuku ilivyoishia kwenye urefu wa meza na jinsi nilivyoipita kwa kimo, na nadhani nilitaja kwamba hata Ulaya hawajagundua jambo hili. Wawili au watatu walikwishaanza kupima kabati kwa macho.

Esperance alikuwa amekuja kumuona Masika. Alikuwa na karatasi tatu mukononi, kominike tatu kama alivyozichapa kutoka kwenye disketi kila alipomaliza kusoma. Alinisubiri nimalize, na mimi sikumaliza, basi akanikata.

"Deo, acha mazuku. Nimejaribu pale redio, mashine ikiwa chini sakafuni. Kadogo akikopia fishie juu ya nyingine yenye jina lile lile, anaandika mupya kuanzia mwanzo, na hafuti ya zamani. Mupya ikiwa fupi, mwisho wa ya zamani unabaki. Ya kwanza ya Muzee ilikuwa fupi kuliko tangazo la kifo la siku iliyotangulia. Ya pili ilikuwa fupi zaidi. Ya tatu ilikuwa ndefu, ikafunika yote. Kabati haikufanya kitu. Ukitaka kukopia, futa kwanza ya zamani."